Munyeka Tatu za Fundi Mgongo

Fundi Mgongo alikuwa na uso kama watu wote, tena uso wenye pua ya kutosha na masharubu ya kujivunia, ila ungewauliza watu wa mtaa ule unafananaje, wengi wangekuna vichwa. Walichokijua wao ni mgongo. Karakana yake ilikuwa chumba kilichoshikamana na nyumba, mlango upande wa barabara, dirisha kubwa upande wa uani, na meza ya kazi imesogezwa chini ya dirisha, maana mpiga polishi anataka mwanga ulale juu ya mbao, la sivyo anapapasa tu kama mwizi. Basi ukiingia unalakiwa na mgongo, ukiwa na shida unaueleza mgongo, na ukiondoka mgongo ndio unaokuaga.

Si kwamba alikuwa na majivuno. Au tuseme alikuwa nayo, lakini ya kazi. Polishi yake haikupakwa kwa brashi. Ilipakwa kwa donge: pamba iliyoviringwa ndani ya kitambaa kilichofuliwa mpaka kikalegea, shingo ikakazwa kwa uzi, kichwa kikanyweshwa polishi ya spiriti. Donge linazunguka juu ya mbao, duara juu ya duara, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, mpaka mbao ikuoneshe meno yako mwenyewe. Na sheria ni moja: mkono hausimami juu ya mbao. Ukisimama, hata kwa kupiga chafya, kitambaa kinang'ata polishi mbichi na kuinyofoa, na pale panabaki kidonda kinachoonekana kutoka barabarani. Donge lenyewe alilirithi kwa fundi aliyemfunza. Kitambaa alikibadilisha mara nyingi, lakini pamba ya ndani ilikuwa ile ile, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa, hata kulipangusa vumbi.

"Mimi uchungu uliponishika," mkewe alipenda kuwahadithia wageni, "niliuambia huo mgongo. Ukanijibu, subiri nimalize tabaka hili. Basi tabaka na mtoto vikashindana mbio, mtoto akashinda."

Wageni walicheka, naye fundi alicheka pamoja nao, huku kawageuzia mgongo.

Mtoto huyo aliyeshinda mbio alikuwa binti, na hawakujaliwa mwingine. Alikulia mlangoni pa karakana. Jino la kwanza lilipong'oka aliuambia mgongo. Alipofaulu mtihani aliuambia mgongo. Kila mara mgongo ulijibu, "Vizuri, mwanangu, nasikia," na kusema kweli ulisikia, kwa sababu jioni mezani fundi aliweza kurudia kila neno. Lakini mtoto haangalii masikio ya mtu. Alipokua akaenda kusoma nchi ya mbali, akapata kazi huko, akaolewa na kijana wa huko, na siku ya kuaga alimwambia baba yake kwa upole ambao ni mbaya kuliko matusi: "Nikikukumbuka, Baba, sijui nitakumbuka nini zaidi ya shati lako kwa nyuma."

Fundi alilimeza neno lile, likakaa. Halikushuka wala halikupanda.

Miaka ikaenda, akazaliwa mjukuu wa kike. Mama yake alikuwa mtu wa kushinda kazini, mtoto akalelewa na bibi wa upande wa baba, na ulimi wake ukakaa kwenye Kihispania, lugha ya kule. Wakipiga simu ya picha, bibi wa huku alizungumza naye kwa ishara, vicheko na kukonyezana, na hakuna aliyepungukiwa. Kisha bibi alitembea na simu hadi karakana ili mtoto amsalimie babu, na mtoto akasalimia alichokiona.

Siku moja mtoto alimnong'oneza mama yake kitu, na mama akatafsiri.

"Anauliza kama babu ana uso."

Bibi alicheka hadi akalazimika kukaa. Fundi hakucheka. Tabaka lilipoisha aliweka donge ndani ya kopo lake, akafunga kifuniko, akakaa juu ya stuli akiitazama mikono yake. Na binti alipotangaza wiki ile ile kwamba likizo watakuja, yeye na mtoto, fundi alisimama, akajipangusa vumbi, akavuka barabara kwenda kwa kinyozi.

Kinyozi huyo aliwahi kuwa mpishi wa melini kwa miaka kadhaa, na alikuwa na tabia ya kurudi kutoka bandari za mbali kila siku upya, kwa hadithi. Kihispania alikijua, alisema, kama anavyokijua kichwa cha mteja.

"Mzee Mgongo, leo umenigeukia!" alipiga kelele. "Wateja, shuhudieni, ana masharubu!"

"Nifundishe maneno ya kuzungumza na mjukuu wangu," alisema fundi. "Acha maneno ya baharini."

Hapo kinyozi alipunguza mtaji wake kwa zaidi ya nusu, lakini yaliyobaki aliyafundisha kwa moyo mmoja. Babu ni *abuelo*. Habari gani ni hivi, inaniuma ni hivi, njoo hapa ni hivi. "Na mtoto wa kike," alisema akinoa wembe, "huwezi kumkosa kwa neno hili: *muñeca*. Munyeka. Maana yake mwanasesere. Uliza habari za munyeka wake, umeshaingia nyumbani."

Munyeka! Fundi alilipenda papo hapo. Lilikaa mdomoni vizuri kuliko yale mengine yaliyomkwaruza ulimi, kana kwamba lilizaliwa mtaa wa pili. Alizunguka nalo mchana kutwa, duara juu ya duara. Akachukua vipande vya mbao vilivyobaki, akamtengenezea mwanasesere kitanda, akakipiga polishi mpaka bibi akaomba wabadilishane na chao.

Jumapili simu ilipoita, fundi alikuwa amekaa sebuleni, uso mbele. Bibi alishika simu huku akijizuia kucheka. Mjukuu alitokea akamkodolea macho, naye akakohoa na kutoa alichokibeba wiki nzima: habari za munyeka?

Uso wa mtoto ukakunjamana. Akainua mkono uliofungwa bendeji, akasema kwa uchungu kwamba munyeka inamuuma, halafu mtandao ukakatika.

"Mwanasesere ni mgonjwa," fundi alimwambia mkewe, na alilisema kwa huzuni ya kweli. "Na mtoto naye kaumia mkono. Nyumba nzima ya wagonjwa."

Kinyozi alipoulizwa alifikiri sana. "Hao wanasesere wa kule hung'oka miguu," alisema. "Nimewaona."

Basi fundi akatengeneza mkongojo. Mkongojo mdogo wa mwanasesere, kwapani umezungushiwa kitambaa ili usimchubue, nao ukapigwa polishi. Jumapili iliyofuata aliuinua mbele ya simu kwa fahari. Kule ng'ambo binti yake aliuangalia, akauliza ni wa nini, akaelezwa, na akacheka kicheko ambacho fundi hakuwa amekisikia tangu binti alipokuwa na mapengo.

"Baba, munyeka ni hapa pia!" Alijishika kifundo cha mkono. "Alianguka kwenye bembea, akateguka. Mwanasesere ni munyeka, na kifundo cha mkono ni munyeka."

"Lugha gani hiyo?" fundi alifoka alipoiweka simu chini. "Wana uhaba wa maneno? Neno moja wanalitumikisha kazi mbili kama punda wa maskini!"

"Na wewe unayelalia mto kila siku," alisema mkewe, "mbona huamki umelowa?"

Hasira fundi aliipeleka kwa kinyozi. Alivuka barabara akamwonesha kifundo cha mkono mbele ya wateja wote, na kinyozi, kwa mara ya kwanza tangu ashuke melini, akakosa hadithi.

Siku ya wageni kufika, nyumba ilikuwa imefagiliwa mpaka kuku wa jirani wakahama uani. Walitarajiwa alasiri. Asubuhi fundi alikuwa na meza moja tu iliyobaki, meza ya kulia chakula ya mwalimu mkuu wa shule ya jirani, inadai tabaka la mwisho.

"Iache," alisema mkewe. "Meza haina miguu ya kukimbia."

"Ina minne."

"Mzee wangu, leo nakuomba. Iache."

"Nitakuwa nimemaliza, nimeoga na nimevaa kabla hawajatua," alijibu, na alikuwa na hakika. Alisema hivyo huku akifungua kopo.

Ndege ikawahi. Au teksi ilikimbia, au fundi alijipoteza ndani ya meza kama kawaida yake, sijui. Alikuwa katikati kabisa ya ubao, polishi ingali mbichi kushoto na kulia, aliposikia gari, milango, vigelegele vya mkewe, kisha viatu vidogo juu ya sakafu ya karakana. Vilisimama nyuma yake.

"*¿Abuelo?*"

Alikuwa na maneno tayari. Aliyasema akioga, akinywa chai, akifunga vifungo vya shati. Moyo wake ulishageuka, naapa, uliruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Lakini mkono ulikuwa umefundishwa kabla ya moyo. Mkono ukaendelea kuzunguka, na mgongo ukafuata mkono, na mdomo ukasema kwa Kiswahili, kama ulivyosema miaka yote, "Subiri kidogo, namalizia."

Alipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na mwanasesere tu, wa kitambaa, nywele za uzi, ameketishwa kwenye kizingiti akimwangalia.

"Amemwacha akuvizie," binti yake alimweleza, fundi alipoingia ndani akiwa amemshika mwanasesere kwa mikono miwili. Binti alimsalimia kwa heshima zote, shikamoo Baba, akapokea marahaba yake, lakini hakumkumbatia. "Kasema wewe ukigeuka, munyeka aje amwambie."

Mjukuu mwenyewe alikuwa chini ya mkono wa bibi, ambaye alishaanza kumwita mke mwenzangu. Alimpokea mwanasesere wake, akamsogeza sikioni, akasikiliza kwa makini kilichosemwa. Kisha wakaketi kula, naye mtoto akainuka, akakigeuza kiti chake, akala chakula chote akiwa amempa babu mgongo.

Bibi alicheka, kinyozi aliyekuja kuwaona wageni na kunusa sufuria alicheka, hata fundi akajaribu. Binti hakucheka. "Mimi simkemei," alisema taratibu, akichambua chakula kwa kijiko. "Wamekuja watu wawili kutoka mbali, Baba, na mimi mmoja wao. Nilimwambia njiani kwamba safari hii babu atatupokea kwa uso."

Chakula kile kilimkwama fundi kooni, palepale lilipokaa lile neno la zamani. Aliona vizuri sana kilichokuwa kinatokea. Likizo ingeisha, mtoto angerudi kwao, na huko angekua akimkumbuka babu kwa shati. Mmoja alishampoteza hivyo. Huyu wa pili alikuwa anaondoka akiwa bado yupo nyumbani.

Asubuhi, watu wanakunywa chai, zilisikika kelele za kuburuta mbao. Bibi alikimbilia karakana, akamkuta mumewe ameshika upande mmoja wa meza ya kazi na kinyozi, taulo la kunyolea begani, ameshika wa pili.

"Mnaipeleka wapi?"

"Tunaigeuza," alisema fundi, jasho likimtoka.

"Miaka yote nilikuwa nakwambia uigeuze, ukanijibu mwanga! Mwanga!"

"Mwanga nitauzoea."

Wakaiweka katikati ya chumba. Fundi akasimama upande wa pili, mgongo dirishani, uso mlangoni. Kivuli chake mwenyewe kikalala juu ya meza ya mwalimu mkuu kama shuka, na ilimbidi ainamishe kichwa pembeni ili aone mng'ao. Ilikuwa njia ya kijinga ya kufanya kazi na alijua hivyo. Mbele yake, juu ya stuli, aliweka kitanda kidogo na ule mkongojo. Kisha akaanza kuzungusha donge, macho mlangoni.

Mwanasesere ndiye aliyetokea kwanza, kichwa tu, pembeni mwa mlango. Baadaye kichwa cha pili juu yake.

Maneno yote ya kinyozi yakamtoka fundi. Lilibaki moja. Akapeleka donge hadi ukingoni, akaliinua, akamnyooshea mwanasesere kidole. "Munyeka," alisema.

Mtoto hakuondoka.

Fundi akajishika kifundo cha mkono, akaukunja uso kwa maumivu kiasi cha kumliza jiwe. "Munyeka."

Kicheko kikamponyoka mtoto puani. Akaingia. Akakikagua kitanda, akamlaza mwanasesere, akamwegemezea mkongojo bila kuuliza ulikuwa wa nini, kana kwamba ni mzigo uliochelewa tu kufika. Halafu akazunguka meza, akasimama ubavuni mwa babu, akaangalia kile alichokishika: kichwa cha duara, shingo iliyokazwa kwa uzi, pindo za kitambaa zikining'inia kama gauni. Uso wake ukang'aa.

"Munyeka!" alisema yeye.

"Hapana," alisema fundi. "Hili donge. Do-nge."

"Munyeka," mtoto alirudia, kwa subira ambayo watu huitumia kwa wazee, na kabla babu hajajua kinachotokea alikuwa amelichukua lile donge mkononi mwake, ameokota penseli ya seremala mezani, na amelichorea upande mkavu macho mawili na mdomo.

Bibi mlangoni aliziba uso kwa kanga. Aliwahi kufukuzwa karakana kwa kulisogeza tu kopo lile. Fundi alisimama amepigwa na butwaa, akiliangalia donge la marehemu fundi aliyemfunza likipata macho, moja kubwa kuliko jingine. Kifua kilipanda. Kikashuka.

"Nywele," alisema kwa sauti ya kukwaruza, akijishika kichwa. "Umesahau nywele."

Mtoto akaongeza nywele.

Binti alikuwa amefika wakati huo, kikombe mkononi. Aliliona donge, akacheka kidogo, akaegemea mlango, mahali pake pa zamani. "Hajakosea, Baba. Kule tunakokaa, ghorofa ya chini kuna fundi wa magitaa. Anapiga polishi hii hii, kwa donge hili hili, na yeye pia analiita munyeka."

"Tatu!" alisema kinyozi. "Punda wa maskini kaongezewa mzigo."

"Nikipita mlangoni kwake huwa nasimama," binti aliendelea. Macho yalikuwa kwenye kikombe. "Kwa ajili ya ile harufu. Naye akisikia mtu, anapeleka mkono hadi ukingoni, anauinua, anageuka, anasalimia. Halafu anarudi kazini. Mara ya kwanza nilipomwona nilikaa kwenye ngazi nikalia, watu wakadhani nimefiwa."

Hakulisema kwa ubaya. Hakuna mpiga polishi duniani asiyejua kwamba mkono hausimami katikati, lakini ukingo upo. Meza kubwa ina ukingo, kistuli kina ukingo, hata jeneza lina ukingo. Ni pumzi mbili kuufikia. Fundi alilijua hilo kabla binti hajazaliwa, na muda si mrefu uliopita alikuwa ametoka kulifanya kwa ajili ya mwanasesere wa kitambaa.

"Ukingo upo siku zote," alisema mwishowe. "Mimi tu."

Binti aliitikia kwa kichwa, akaenda zake uani kuanika nguo za safari pamoja na za baba yake.

Fundi akarudi mezani, kwa kuwa mikono yake haikujua pa kwenda kwingine. Akalishika donge lenye macho, mjukuu akaweka kiganja chake juu ya mkono wake, munyeka yenye bendeji juu ya munyeka ya babu, wakaanza kuzunguka pamoja, duara juu ya duara. Tabaka likatembea vizuri. Walikuwa katikati kabisa ya ubao, polishi mbichi kushoto na kulia, sauti ilipotoka dirishani. Mgongo haukuwa umekwisha, ulikuwa umehamia upande wa uani tu.

"Baba."

Si kwa nguvu. Kama mtoto anayekuja kusema jino limeng'oka, asiyetarajia mengi.

Ukingo ulikuwa pumzi mbili mbele. Fundi hakuungoja. Mkono wake ulisimama hapo hapo ulipokuwa, katikati ya meza ya mwalimu mkuu, kitambaa kikang'ata, na mwili mzima ukageuka, uso, masharubu, machozi na yote.

"Naam, mwanangu."

Binti alikuwa amesimama upande wa pili wa dirisha, shati la baba yake limelowa mkononi. Alisahau alichotaka kusema, au hakikuwepo. Alimwangalia tu. Kisha akapitisha mkono katika nondo za dirisha, akamgusa shavu, kama mtu anayepapasa mbao kuona kama imekauka.

"Mungu wangu, meza!" alilia kinyozi. Donge lilipoinuliwa, pale katikati palikuwa na kidonda cha kuonekana kutoka barabarani, ukubwa wa kichwa cha mwanasesere. Mwalimu mkuu angesubiri, tena sana. Fundi hakukiangalia hata kidogo.

Mjukuu alikwenda kitandani kwa munyeka wake, akamwinamia, akamnong'oneza jambo refu, kisha akaelekeza kidole kwa babu.

"Anasemaje?" bibi aliuliza.

Kinyozi alikohoa, akaliweka sawa taulo begani, na kwa mara hii moja alitafsiri bila kutia chumvi.

"Anamwambia asikeshe tena kuvizia. Babu ana uso."